Barua kwa Filemoni: Deni, Mdhamini na Mtu Aliyerudishwa Nyumbani



Vikundi vingi hufungua mkutano kwa neno fupi la Biblia kabla ya kuhesabu michango. Ni mara chache sana barua ya Paulo kwa Filemoni huchaguliwa. Imebanwa kati ya Tito na Waebrania, na ukifungua kurasa haraka waipita bila kuiona. Imewekwa huko mwisho kwa sababu ya urefu wake tu. Waliozipanga barua za Paulo waliweka zile za makanisa kwanza, kisha za watu binafsi, ndefu mbele na fupi nyuma. Hii ndiyo fupi kuliko zote. Ina mistari 25, na kwa Kiyunani, lugha iliyoandikwa kwayo, ni maneno yapata 335. Ukiisoma kwa sauti, chai haijapoa umemaliza.

Lakini ndani yake mna mambo ambayo kila kikundi kinayajua: deni, mdhamini, watu wawili walio na neno baina yao, na mtu wa tatu anayeingia katikati. Pia mna swali zito ambalo watu wamepigania kwa miaka mingi, hata hapa kwetu pwani: je, mtu anaweza kuwa ndugu yako na mali yako kwa wakati mmoja?

Katika toleo hili tungependa kueleza jinsi wataalamu wa Biblia wanavyoichambua barua hii, jinsi ilivyojengwa na maana yake.

Ni nani hawa?

Paulo yuko kifungoni. Wengine wanasema ni Roma, karibu na mwaka 60 au 62. Wengine wanasema ni Efeso, yapata mwaka 55, kwa kuwa Efeso ilikuwa karibu zaidi na nyumbani kwa Filemoni. Filemoni ni mtu mwenye nyumba kubwa kiasi cha kanisa kukutana humo. Inaaminika aliishi Kolosai, nchi ambayo leo ni Uturuki, kwa maana barua kwa Wakolosai yamtaja Onesimo kuwa mtu wa huko, na Arkipo pia. Afia anaitwa dada. Wengi hudhani alikuwa mke wa Filemoni, ingawa barua yenyewe haisemi hivyo. Arkipo anaitwa askari mwenza.

Onesimo ndiye mtu mwenyewe. Ni mtumwa wa Filemoni. Kwa namna fulani amefika kwa Paulo gerezani, akaamini, akawa msaidizi wake. Sasa Paulo anamrudisha kwa bwana wake, na barua hii mkononi.

Fikirini hatari yake. Katika dola ya Kirumi mtumwa alikuwa mali. Mtoro akishikwa aliweza kupigwa au kutiwa chapa ya moto usoni. Huko Italia zimechimbuliwa pete za chuma za shingoni zenye maandishi yanayomwambia yeyote atakayemkuta mvaaji amrudishe kwa bwana wake na apewe zawadi. Onesimo anarudi kwenye nyumba ya namna hiyo, na ulinzi wake ni karatasi moja ya mafunjo.

Barua ilivyojengwa

Barua za zamani zilikuwa na mpango wake, kama vile barua zetu zilivyo na anwani, salamu, "mimi mzima, sijui wewe", halafu neno lenyewe, halafu "ni mimi wako". Paulo anafuata mpango huo. Mstari wa 1 hadi wa 3 ni salamu. Wa 4 hadi wa 7 ni shukrani. Wa 8 hadi wa 22 ni neno lenyewe. Wa 23 hadi mwisho ni salamu za wenzake: Epafra, Marko, Aristarko, Dema na Luka, kisha baraka.

Sasa hebu angalieni jambo hili. Kiyunani, kama Kiswahili, kina "wewe" na kina "ninyi". Waingereza wanatumia neno moja kwa yote mawili, kwa hivyo msomaji wa Kiingereza halioni jambo hili kwa urahisi. Sisi twaliona. Salamu ni za "ninyi", yaani Filemoni, Afia, Arkipo na kanisa lote la nyumbani. Halafu kuanzia mstari wa 4 Paulo anageuka na kusema na mtu mmoja tu: wewe, wewe, wewe. Anaendelea hivyo mpaka mstari wa 22, ambapo anaomba atayarishiwe chumba cha wageni. Hapo anarudi kwa "ninyi", akitumaini kwamba kwa maombi yenu atarudishwa kwenu. Na baraka ya mwisho ni ya wote.

Maana yake ni nini? Neno ni la Filemoni, lakini limesomwa mbele ya watu. Filemoni ameketi nyumbani kwake, waumini wamemzunguka, na wote wanasikia anachoombwa. Kila mwenye kikundi anajua tofauti kati ya kumwita mtu pembeni ukamweleza shida, na kumweleza wakati mkutano mzima umekaa. Tena Paulo anasema anakuja kulala huko. Yaani atajionea mwenyewe.

Wataalamu wengine wameona huo ni ustadi wa upole. Wengine wanasema ni kumsukuma mtu ukutani kwa maneno matamu. Sisi twaona yote mawili yamo. Paulo mwenyewe anasema angeweza kuamuru lakini amechagua kusihi, na kwamba hataki jema la Filemoni liwe la kulazimishwa. Hata hivyo karibu na mwisho anasema ana hakika Filemoni atatii. Mtu haombi "utii" kwa ombi la kawaida! Lakini tukumbuke pia uzito wote ulikuwa upande gani. Filemoni alikuwa na sheria, nyumba na mali. Onesimo hakuwa na kitu. Bila watu kusikia, nani angejua alichotendewa?

Jina linalochelewa

Mistari saba ya kwanza haimtaji Onesimo kabisa. Paulo anamsifu Filemoni kwanza: upendo wake, imani yake, na jinsi alivyoiburudisha mioyo ya watakatifu. Neno alilotumia kwa "mioyo" si neno la kawaida. Kwa Kiyunani ni splankna, yaani matumbo, sehemu za ndani kabisa, mahali uchungu wa mzazi unapotoka. Paulo analitumia mara tatu katika barua hii fupi. Katika mstari wa 7, Filemoni ndiye huburudisha splankna za watu. Katika mstari wa 12, Onesimo ndiye splankna za Paulo mwenyewe. Katika mstari wa 20, Paulo anaomba Filemoni aziburudishe splankna zake.

Unganisheni hayo matatu. Wewe kazi yako ni kuburudisha mioyo ya watu. Huyu ni moyo wangu. Haya, uburudishe. Filemoni amefungwa kwa sifa yake mwenyewe.

Na jina je? Katika mstari wa 10 Paulo anasema anamsihi kwa ajili ya mtoto wake, aliyemzaa akiwa kifungoni. Ndipo mwishoni kabisa mwa kifungu hicho anasema: Onesimo. Filemoni anasikia "mtoto" kabla ya kusikia ni nani. Lau jina lingetangulia, pengine hasira ingepanda kabla ya neno "mtoto" kufika. Basi kabla hajakunja uso Paulo anaongeza mchezo wa maneno. Onesimo ni jina walilopewa watumwa wengi, na maana yake ni "mwenye faida". Paulo anasema hapo zamani huyu hakukufaa kitu, lakini sasa atufaa wewe na mimi. Na katika mstari wa 20 anasema yeye naye angependa kupata faida kwa Filemoni, akitumia neno la shina lile lile la jina la Onesimo. Waliosikia kwa Kiyunani bila shaka walitabasamu.

"Liandike kwangu"

Hapa ndipo vikundi vya akiba na mikopo vitasikiliza vizuri. Mstari wa 17 Paulo anasema: ukinihesabu kuwa mshirika, mpokee yeye kama mimi. Neno la "mshirika" hapa, koinonos, lilitumika pia kwa watu waliofanya biashara pamoja, wenye mtaji mmoja na hasara moja. Halafu mstari wa 18: kama amekukosea au ana deni lako, liweke katika hesabu yangu. Hilo ni neno la daftari la madeni kabisa, lile mwenye duka hutumia akiandika nani amekopa sukari. Halafu mstari wa 19 Paulo anasema anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa.

Siku hizo watu wengi walimsomea karani maneno, naye akaandika. Kwa deni, maandishi ya mkono wa mwenye kuahidi ndiyo yaliyokuwa ushahidi, kama vile leo mdhamini anavyotia sahihi au kidole gumba katika fomu ya mkopo. Kwa hivyo Paulo anatoa hati. Wengine wanasema barua yote aliiandika kwa mkono wake. Wengine wanasema hapo ndipo alipochukua kalamu.

Na mara tu baada ya kutia sahihi anaongeza, kama mtu anayesema kando, kwamba hataki kumkumbusha Filemoni kuwa yeye naye ana deni kwake, tena deni la nafsi yake. Kumbe amekwisha kumkumbusha! Filemoni aliamini kwa sababu ya Paulo. Akianza kudai shilingi, hesabu itageuka.

Je, Onesimo aliiba? Wahubiri wengi husema aliiba pesa akakimbia. Barua haisemi hivyo. Inasema "kama". Huenda deni ni kazi ambayo hakuifanya siku alizokuwa mbali, au kitu kingine. Tuwe waangalifu tusimwongezee mtu kesi ambayo hakushtakiwa.

Alikuwa mtoro kweli?

Neno "kutoroka" halimo katika barua. Mstari wa 15 unasema tu kwamba labda alitengwa nawe kwa muda, ili uwe naye siku zote. Lakini tangu zamani, kwa mfano katika mahubiri ya Yohana Krisostomo wa karne ya nne, imefundishwa kwamba Onesimo alikuwa mtoro. Bado wengi wanafundisha hivyo.

Mwaka 1985 Mjerumani Peter Lampe alileta wazo jingine. Katika sheria za Kirumi, mtumwa aliyekosana na bwana wake akaenda kwa rafiki wa bwana kuomba amsemee, hakuhesabiwa kuwa mtoro, mradi nia yake ilikuwa kurudi. Basi labda Onesimo alimwendea Paulo makusudi, kama kijana aliyegombana na baba yake anavyokimbilia kwa mjomba. Sara Winter, mwaka 1987, alisema huenda Onesimo alitumwa na kanisa kumhudumia Paulo, na Paulo anaomba abaki naye. Allen Callahan mwaka 1993 alikwenda mbali zaidi, akasema Onesimo na Filemoni walikuwa ndugu wa damu. Wachache wamemfuata. Sisi wazo la Lampe latupendeza, kwa sababu linaeleza ni kwa nini Onesimo, katika dunia kubwa namna hiyo, aliangukia kwa mtu yule yule ambaye bwana wake alimheshimu.

Wataalamu pia hulinganisha barua hii na nyingine ya Mrumi Plinio Mdogo, wa mwanzo wa karne ya pili. Alimwandikia rafiki yake Sabiniano kumwombea mtu aliyewahi kuwa mtumwa wake na aliyemuudhi. Plinio anasema mtu huyo amelia, ametubu kweli, na yeye mwenyewe amemkaripia vikali; basi mwenye hasira atulie. Someni Filemoni mtafute machozi ya Onesimo. Hayapo. Paulo hamkaripii wala haahidi kwamba hatarudia. Anaomba tu apokewe kama Paulo mwenyewe angepokewa. Plinio aliandika tena baadaye kushukuru, kwa hivyo twajua yule mtu alipokewa. Filemoni hakutuachia jibu.

Neno ambalo halikusemwa

Paulo hasemi wazi "mwache huru". Anasema mpokee, si kama mtumwa tena bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa, katika mwili na katika Bwana. Anasema pia ana hakika Filemoni atafanya kupita alivyoombwa. Kupita ni kufanya nini? Hapo ndipo watu wamegawanyika.

Huko Marekani mwaka 1833, katika jimbo la Georgia, mhubiri mzungu Charles Colcock Jones, ambaye mwenyewe alikuwa na watumwa, aliwahubiria watumwa wengi kutoka barua hii. Alipofika mahali pa kusema kwamba Paulo alikataza kutoroka, nusu ya watu waliinuka wakaenda zao. Ni yeye mwenyewe aliyeandika habari hiyo. Baada ya ibada wengine walimwambia hakuna barua ya namna hiyo katika Biblia. Watu hao wengi hawakuruhusiwa kujua kusoma, lakini walitambua mara moja barua ilikuwa inatumiwa kwa faida ya nani. Mwaka 1850 nchi hiyo ilipopitisha sheria kali ya kurudisha watoro, waliotetea sheria walimtaja Paulo akimrudisha Onesimo. Waliopinga walishika mstari wa 16, kisha wakafungua Kumbukumbu la Torati sura ya 23, ambapo Waisraeli wanakatazwa kumrudisha mtumwa aliyewakimbilia.

Jambo hilo hilo lilikuja hapa. Anayepita Kengeleni, Mombasa, anaona kengele ya Freretown, kijiji ambacho wamisionari wa Kanglikana wa CMS walianzisha mwaka 1875 kwa watumwa waliookolewa kutoka majahazini. Hao walikuwa na karatasi za uhuru. Lakini Rabai walifika wengine, watoro kutoka mashamba ya pwani, wasio na karatasi yoyote. Mabwana zao walikuja kuwadai. Sheria ya wakati huo ilikuwa upande wa mabwana, na wakubwa wa misheni waliogopa fujo. Aliyesimamia Rabai katika miaka ya 1880 alikuwa kasisi William Jones, Mwafrika ambaye mwenyewe alikuwa mtumwa utotoni. Aliwapokea. Je, angefanyaje? Awape barua na kuwarudisha, kama Paulo?

Mwisho wake ulikuwa wa daftari. George Mackenzie wa ile kampuni ya Kiingereza iliyokuja kutawala nchi alikubaliana na mabwana, akawalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai na misheni nyingine walipewa hati za uhuru. Deni liliandikwa kwa mtu mwingine, naye akalilipa, ingawa kampuni ilikuwa na sababu zake za biashara na amani ya pwani. Utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria ya pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907.

Twaona kwamba wote wanaosema Paulo alibariki utumwa, na wote wanaosema aliuvunja, wanaharakisha. Aliandika kwa mtu mmoja kuhusu mtu mmoja. Lakini ni vigumu kuona jinsi Filemoni angempokea Onesimo kama Paulo siku ya Jumapili, kisha amtandike Jumatatu.

Iliokoka namna gani?

Barua ya faragha namna hii ingeweza kupotea. Kipande cha zamani cha mafunjo chenye mistari yake michache kiko Köln, Ujerumani. Wanakikadiria kuwa cha karne ya pili au ya tatu. Ni nani aliyeitunza kwanza? Mwanzoni mwa karne ya pili Ignatio wa Antiokia aliwaandikia Waefeso akamsifu askofu wao, jina lake Onesimo, na akatumia mchezo wa maneno unaofanana na ule wa Paulo wa kupata faida. Mwaka 1935 mtaalamu wa Marekani John Knox (si yule wa Scotland) alisema huyo ndiye Onesimo wetu, na kwamba yeye ndiye aliyeihifadhi barua. Wazo ni zuri. Lakini Onesimo lilikuwa jina la kila mahali, na miaka ni mingi kati yao, kwa hivyo wataalamu wengi huliacha kama jambo linalowezekana tu.

Mkitaka kuisoma katika kikundi

Isomeni yote mara moja, msikate vipande. Msomaji awe amesimama, na mtu mmoja aketi mbele awe Filemoni. Wengine wawe kanisa la nyumbani kwake. Kila msomaji akifika kwenye "wewe", wote wamwangalie Filemoni. Baadaye mwulizeni alijisikiaje: alisihiwa au alilazimishwa? Kisha mpeni mtu mwingine awe Onesimo asimame mlangoni wakati wote, bila kusema neno, maana barua nzima hasemi hata moja. Mwulizeni naye. Mweka hazina anaweza kueleza mistari ya 17 hadi 19 kwa kulinganisha na fomu yenu ya udhamini, na nani hulipa mwanachama akishindwa. Na akina mama wazungumze juu ya Afia, ambaye jina lake limeandikwa mwanzoni na huenda ndiye aliyemjua Onesimo zaidi kuliko wote humo nyumbani.

Wasiojua kusoma hawatapungukiwa na kitu. Barua hii tangu mwanzo iliandikwa isikiwe kwa masikio.